Panya weupe walivyofichua siri za lishe, mimba na maziwa ya mama

KATIKA meza ya uhariri, taarifa za aina moja hunifikia karibu kila juma. Mashirika ya habari ya ng'ambo hutangaza kwamba chakula fulani humwezesha mwanamke kushika mimba, au kwamba kingine huongeza maziwa ya mama anayenyonyesha. Mtafsiri huifanya kazi yake kwa ustadi, na kichwa cha habari hupendeza.

Ni katika aya ya nane au ya tisa ambapo neno 'panya' hujitokeza kwa haya, mithili ya mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mchanga katika kazi hii, niliipitisha taarifa ya namna hiyo kuhusu vitamini E. Nafasi ilikuwa finyu, nami nikazikata aya mbili za mwisho. Hizo ndizo zilizoeleza kwamba waliochunguzwa hawakuwa wanawake bali panya weupe wa maabara. Siku chache baadaye mama mmoja alipiga simu kuuliza dawa hiyo huuzwa wapi. Alikuwa amepoteza mimba tatu.

Sikuwa na jibu la maana la kumpa. Haya ninayoyaandika leo ndiyo ambayo ningetamani kuyajua siku ile.

Mitamba 16 ya Wisconsin

Kisa chenyewe hakianzii kwa panya, bali zizini. Mnamo 1907, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, mitamba 16 iligawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza lililishwa mmea wa mahindi pekee, yaani punje, majani na mabua. La pili lilipewa mmea wa ngano, la tatu oti, na la nne mchanganyiko wa yote matatu.

Kwa mizani ya wanakemia wa enzi hizo, vyakula hivyo vyote vilikuwa sawa. Viwango vya protini, wanga na mafuta vilikuwa vimesawazishwa kwa makini, na nadharia iliyotawala ilidai kwamba mnyama hahitaji kingine zaidi ya hivyo pamoja na madini kidogo. Mkemia mkongwe wa chuo hicho, Stephen Babcock, ndiye aliyekuwa ameitilia shaka nadharia hiyo kwa miaka mingi.

Ng'ombe hao walipozaa, shaka yake ilithibitika. Waliokula mahindi walizaa ndama waliotimiza muhula, wenye nguvu na uzani wa takriban kilo 33 kila mmoja, na wote wakaishi. Ndama wa kundi la ngano walizaliwa wiki tatu hadi nne kabla ya wakati wakiwa na uzani wa kilo 21 hivi. Wote ama walizaliwa wakiwa wamekufa au walikufa katika muda wa saa 12. Kundi la oti lilikuwa kati na kati: ndama wake walitangulia kwa kiasi cha wiki mbili, na ni mmoja tu aliyenusurika, tena kwa kutunzwa kama yai.

Kwa upande wa maziwa, tofauti ilikuwa ya kushangaza vilevile. Katika siku 30 za kwanza baada ya kuzaa, ng'ombe wa mahindi alitoa wastani wa karibu kilo 11 kwa siku. Wa oti alitoa kilo tisa hivi. Wa ngano hakufikisha hata kilo nne.

Matokeo hayo yalichapishwa 1911 na yakawaacha wataalamu vinywa wazi. Kama mizani ya kemia ilisema vyakula ni sawa na tumbo la uzazi likasema si sawa, basi kulikuwa na kitu chakulani ambacho mizani haikukiona.

Baadaye ilibainika kwamba majani ya mahindi yalikuwa na kalsiamu pamoja na kile tunachokiita leo vitamini A, ilhali mabua makavu ya ngano yalikuwa hafifu kwa vyote viwili. Lakini hapo tunatangulia mbele ya hadithi.

Elmer McCollum, kijana aliyekabidhiwa kazi ya kuchanganua vyakula hivyo, aling'amua kwamba angezeeka kabla ya kupata jibu iwapo angeendelea kuwategemea ng'ombe. Ng'ombe hubeba mimba kwa miezi tisa na kuzaa ndama mmoja. Panya hubeba mimba kwa siku 21 au 22, huzaa watoto wanane hadi 12 kwa mkupuo, na huwaachisha ziwa baada ya wiki tatu.

Wakubwa wa chuo hawakulifurahia wazo hilo. Machoni pa mkulima panya ni adui wa ghala, na ilihofiwa kwamba walipa kodi wangeuliza ni kwa nini mwizi wao anafugwa na kulishwa kwa fedha za umma. McCollum alijaribu kwanza kuwatumia panya wa kawaida aliowanasa mwenyewe, lakini wakamshinda kwa ukali. Hatimaye aliwanunua panya weupe 12 kutoka kwa muuzaji wa wanyama jijini Chicago, kwa dola sita za mfukoni mwake.

Kazi ya kuwatunza na kuwapima kila siku ilifanywa na Marguerite Davis, mwanamke aliyejitolea kwa miaka kadhaa bila ujira. Mnamo 1913 wawili hao walitangaza kwamba panya waliolishwa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walidumaa, ilhali wale waliolishwa siagi au kiini cha yai waliendelea kukua. Hivyo ndivyo vitamini A ilivyogunduliwa, na tangu siku hizo maabara za lishe kote duniani zimejaa panya weupe.

Kipengele X

Kufikia 1920 wataalamu waliamini kwamba wameshajua karibu kila kitu ambacho panya anahitaji ili akue. Hata hivyo, mwaka huo Henry Mattill na mwenzake huko Rochester, Marekani, waliripoti jambo la ajabu. Panya waliolelewa kwa maziwa pekee walikua vizuri na kunawiri, lakini hawakuzaa.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Herbert Evans na Katharine Scott Bishop katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Evans hakuwa mtaalamu wa lishe. Alikuwa mtaalamu wa maumbile ya mwili, na pamoja na Joseph Long alikuwa amechunguza kwa kina mzunguko wa uzazi wa panya jike, ambao huchukua siku nne au tano tu. Kwa kuchukua ute kutoka kwa panya na kuutazama katika hadubini, aliweza kusema ni siku gani yai linakomaa.

Ustadi huo ndio uliomwezesha kuona walichokosa wenzake. Panya wake walilishwa chakula kilichosafishwa: protini ya maziwa iitwayo kaseini, wanga, mafuta ya nguruwe, siagi, madini na hamira. Walipevuka mayai kama kawaida. Walipandwa na kushika mimba kama kawaida. Kisha, mimba ilipofika katikati, vijusi vilikufa kimoja baada ya kingine na kuyeyuka ndani ya mfuko wa uzazi, pasi na hata kimoja kuzaliwa.

Kwa mtazamaji wa nje, panya hao walikuwa tasa. Kumbe hawakuwa tasa hata kidogo. Walikuwa wakishika mimba na kuzipoteza.

Evans na Bishop waliwapa majani mabichi ya letusi, na panya wakazaa. Wakajaribu kiini cha punje ya ngano, ile sehemu ndogo ambayo huchipuka mbegu inapopandwa na ambayo viwanda huitenga ili unga uwe mweupe na usichache haraka. Tone moja tu la mafuta ya kiini hicho kila siku lilitosha kuiokoa mimba. Mnamo 1922 walitangaza kuwepo kwa kirutubishi kisichojulikana, wakakiita kipengele X.

Msomaji makini atauliza: je, si ngano hiyohiyo iliyowaua ndama wa Wisconsin? Ndiyo, ila ng'ombe wale hawakupungukiwa na kipengele X. Walipungukiwa na vitu vingine. Chakula kimoja chaweza kuwa tiba ya upungufu mmoja na chanzo cha upungufu mwingine, na ni makosa kukiita kizuri au kibaya bila kuuliza kinapungukiwa na nini na kinaliwa na nani.

Mnamo 1936 Evans, akisaidiana na Oliver na Gladys Emerson, alifaulu kukitenga kirutubishi hicho, ambacho kufikia wakati huo kilikuwa kikiitwa vitamini E. Profesa wa Kigiriki chuoni humo, George Calhoun, alikipa jina la tokoferoli, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa mtoto na kubeba.

Madume hawakusalimika. Dume aliyekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu korodani zake zilinyauka, na tofauti na jike, hata aliporudishiwa chakula kizuri hakupona. Aidha, mnamo 1928 Evans na George Burr waliripoti kwamba majike waliopewa kiasi kidogo tu, cha kuiokoa mimba lakini si zaidi, walizaa watoto ambao walipooza kabla au karibu na wakati wa kuachishwa ziwa. Kiasi kilichotosha kubeba mimba hakikutosha kutia cha kutosha katika maziwa.

Sasa nirejee kwa mama aliyepiga simu. Panya wa Berkeley walinyimwa vitamini E kabisa, kwa chakula ambacho hakuna binadamu anayekila: hakikuwa na mboga, karanga wala mafuta ya mbegu. Walipopewa, walirejeshewa walichonyang'anywa. Mtu anayepika kwa mafuta ya mimea na kula mboga za majani na njugu hajanyang'anywa chochote cha kurejeshewa. Majaribio yaliyofanywa kwa wanawake wenyewe hayajaonyesha kwamba tembe za vitamini E huzuia mimba kuharibika.

Mwanamke aliyepoteza mimba tatu huchunguzwa na daktari mambo mengine kabisa: kasoro za kromosomu, umbo la mfuko wa uzazi, damu inayoganda isivyopasa, tezi ya shingo, kisukari. Hayo ndiyo ningemwambia, na badala ya duka la dawa ningemwelekeza kwa mtaalamu wa uzazi.

Mama hutoa mwilini mwake

Kuna madini ambayo mama huweza kuyakopa kutoka kwa mwili wake mwenyewe ili kumjenga mtoto. Kalsiamu ni mfano ulio wazi. Chakula kikiwa haba, jike huivuta kutoka mifupani mwake, na katika kipindi cha kunyonyesha mifupa ya panya hupungua uzani kwa kiasi kinachoonekana.

Zinki haiko hivyo. Lucille Hurley wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis alionyesha mnamo 1966 kwamba panya wajawazito wanaponyimwa zinki, watoto wao huzaliwa na kasoro nyingi za maumbile: ubongo, taya, mkia, vidole. Mifupa ya mama ina zinki, lakini hawezi kuifungua akiba hiyo kwa haraka inayohitajika. Anategemea alichokula juzi na jana. Kwa hiyo hata siku chache za upungufu, zikiangukia wakati viungo vya kijusi vinapoumbwa, huacha alama ya kudumu.

Mapema zaidi, mnamo 1933, Fred Hale wa Texas alikuwa amechapisha habari za nguruwe jike aliyelishwa chakula kisicho na vitamini A na akazaa watoto 11, wote bila mboni za macho. Kabla ya hapo kasoro za kuzaliwa zilidhaniwa kuwa ni za kurithi tu, au, kwa watu wa kawaida huku na kule, laana. Nguruwe wa Hale walipolishwa vizuri walizaa watoto wenye macho.

Wauzaji wa tembe hupenda kukomea hapo. Mnamo 1953 Sidney Cohlan wa New York aliwapa panya wajawazito vitamini A kwa wingi kupita kiasi, na watoto wao pia wakazaliwa na kasoro za fuvu na ubongo. Kirutubishi kilekile, kikipungua huharibu, kikizidi huharibu. Hii ndiyo sababu madaktari huwaonya wajawazito dhidi ya kumeza tembe zenye kipimo kikubwa cha vitamini A bila ushauri.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila linalompata mama wa binadamu lilianza kuonekana kwa panya. Leo wanawake wajawazito nchini hupewa tembe za madini ya chuma na asidi ya foliki katika kliniki, na tangu 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji kuongeza virutubishi katika unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa, asidi ya foliki ikiwemo. Msingi wa asidi hiyo ni jaribio kubwa la wanawake wa mataifa kadhaa lililochapishwa nchini Uingereza mnamo 1991. Lilionyesha kwamba hupunguza kwa karibu robo tatu uwezekano wa mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo kumzaa mwingine.

Panya wadogo wa maabara wangetupotosha hapa. Kuwanyima asidi ya foliki pekee hakuwaletei watoto wao kasoro hiyo kwa urahisi. Aliyetaka ushahidi kutoka kwa panya kwanza angesubiri mno.

Chakula cha panya chenyewe

Mlo wa panya hao wa utafiti ni jambo ambalo magazeti hulipuuza, ingawa watafiti wenyewe hugombana juu yake. Kwa miaka mingi kila maabara ilikuwa na mchanganyiko wake. Mtafiti mmoja akipata watoto 11 na mwingine saba kutoka kwa panya wa ukoo mmoja, hakuna aliyejua kama tofauti imetokana na dawa iliyojaribiwa au na unga uliosagwa mwezi ule.

Mnamo 1993 Taasisi ya Lishe ya Marekani ilichapisha fomula mbili za kufuatwa. Moja ni ya panya wanaokua, walio na mimba na wanaonyonyesha. Ina gramu 200 za kaseini katika kila kilo ya chakula, na gramu 70 za mafuta ya soya. Nyingine ni ya panya wakomavu wasiozaa, yenye gramu 140 za kaseini na 40 za mafuta. Kuwapo kwa fomula mbili ni ungamo kwamba chakula kinachomtosha mnyama kuishi hakimtoshi kuzaa na kulea.

Chakula cha bei nafuu zaidi hutengenezwa kwa nafaka na unga wa soya. Soya ina viini vinavyofanana na homoni ya kike ya estrojeni. Wafugaji wa kondoo wa Australia Magharibi walijifunza jambo hilo kwa uchungu katika miaka ya 1940, kondoo wao waliokula aina fulani ya klova waliposhindwa kuzaa kwa wingi. Mtafiti anayechunguza homoni za uzazi na huku anawalisha panya wake soya huenda anapima chakula chake bila kujua, na ndiyo maana wengi sasa hununua chakula kisicho na soya.

Hapana shaka pia kwamba wingi wa chakula una lake. Jike anayenyimwa chakula sana husimamisha mzunguko wa uzazi. Mwili huahirisha kuzaa hadi neema irudi. Ishara hiyo hubebwa kwa sehemu na leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili, iliyogunduliwa 1994. Kuna ukoo wa panya wadogo wanene kupindukia ambao hawana leptini kabisa: ubongo wao huamini kwamba wana njaa daima, na majike ni tasa. Mnamo 1996 walichomwa sindano za leptini, wakazaa.

Maziwa

Wengi hudhani mimba ndiyo mzigo mkubwa. Kwa panya, mimba ni maandalizi tu. Jike mwenye uzani wa gramu 300 hulea watoto kumi ambao, kufikia siku ya 21, huwa na gramu 50 hivi kila mmoja. Yaani kwa wiki tatu ameigeuza chakula kuwa maziwa na maziwa kuwa nusu kilo ya wana, kupita uzani wake mwenyewe. Katika kilele cha kunyonyesha hula mara mbili hadi tatu ya anavyokula kwa kawaida.

Mahitaji ya vitamini hupanda pia. Katika miaka ya 1920 Barnett Sure wa Arkansas, ambaye pia ndiye aliyependekeza jina la vitamini E, alionyesha kwamba panya anayenyonyesha anahitaji vitamini za kundi B mara kadhaa kuliko asiyenyonyesha. Wengi waliokosa waliwapoteza watoto wao wote, ilhali mimba ilikuwa imekwenda salama.

Je, kuna kikomo cha maziwa ambayo mama anaweza kutoa? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba ama utumbo hauwezi kumeng'enya zaidi, au matiti hayawezi kutengeneza zaidi. John Speakman na Elżbieta Król wa Aberdeen, Uskoti, walileta jibu lisilotarajiwa. Panya wadogo walionyonyesha penye joto la nyuzi 30 walitoa maziwa machache kuliko wa nyuzi 21, na waliowekwa penye baridi ya nyuzi nane walitoa mengi zaidi. Mnamo 2007 walifanya kitu ambacho kingemchekesha yeyote: waliwanyoa migongo. Walionyolewa walikula zaidi, wakatoa maziwa zaidi, na watoto wao wakawa wazito zaidi. Kilichowazuia ni joto la miili yao wenyewe, kwa kuwa kutengeneza maziwa huzalisha joto jingi na manyoya hayaliruhusu litoke. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika maeneo ya joto watalielewa hilo bila kuelezwa.

Kiasi cha maziwa utotoni huacha alama ndefu. Elsie Widdowson na Robert McCance wa Cambridge waliwahamisha watoto wa panya waliozaliwa siku moja, jike mmoja akapewa watatu tu na mwingine 15 hadi 20. Waliogawana ziwa na wengi walikuwa wadogo walipoachishwa, na hata walipopewa chakula bila kipimo baada ya hapo, hawakuwahi kuwafikia wenzao. Walionyimwa chakula baadaye, wakiwa wameshakua kiasi, walifidia. Wakati ulikuwa na uzito kuliko wingi. Halikadhalika, mnamo 1994 Simon Langley na Alan Jackson wa Southampton walionyesha kwamba panya waliolishwa protini haba wakati wa mimba walizaa watoto ambao shinikizo lao la damu lilipanda ukubwani, ingawa wao wenyewe hawakulala njaa siku hata moja.

Mama wa Gambia

Iwapo tutayahamisha hayo moja kwa moja hadi kwa mwanamke, tutamtisha bure. Mtoto wa binadamu ana uzani wa kiasi cha asilimia tano hivi ya mama yake, si robo yake au zaidi kama mkupuo mzima wa panya. Hukua polepole, na maziwa yake ni mepesi kwa protini na mafuta kuliko ya panya. Nyani wako karibu nasi zaidi, kwani huzaa mmoja na kumnyonyesha kwa miezi mingi. Ndiyo sababu taasisi ya utafiti wa nyani iliyoko Karen, Nairobi, huwatumia katika uchunguzi wa uzazi, ijapokuwa nyani ni ghali na hukua kwa muda mrefu.

Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, watafiti wakiwemo Ann Prentice na wenzake waliwapa wanawake waliokuwa wakinyonyesha chakula cha ziada katika miaka ya 1980. Ilitarajiwa kwamba maziwa yangeongezeka kama kwa panya. Hayakuongezeka. Wanawake hao, ambao chakula chao kilikuwa haba, walikuwa tayari wakitoa maziwa ya kutosha. Kinachoamua wingi wake ni mtoto anavyonyonya. Mama anayeambiwa na majirani kwamba maziwa yake ni 'maji' kwa sababu hali nyama, kisha akamwanzishia mtoto wa miezi miwili uji, ameshauriwa vibaya.

Bibi zetu waliowapikia wazazi njahi na uji wa wimbi hawakukosea kwa hilo. Chakula hicho kilimjenga mama, ambaye kama panya wa kalsiamu alikuwa akitoa mwilini mwake. Isitoshe, ubora wa maziwa haulingani na wingi wake. Vitamini A, B1, B12 na madini ya iodini katika maziwa ya mwanamke hufuata anachokula. Mama anaweza kuwa na maziwa tele na mtoto akaugua beriberi, maradhi ya kukosa vitamini B1, kama ilivyowahi kutokea kwa wengi huko Asia walikoishi kwa wali mweupe uliokobolewa.

Sumu nayo hupita njia hiyohiyo. Mnamo 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu, na hivyo ndivyo sumu ya aflatoksini ilivyogunduliwa. Miaka mitatu baadaye Ruth Allcroft na R. B. A. Carnaghan waliwalisha ng'ombe mashudu ya aina hiyo, kisha wakawapa vifaranga wa bata maziwa yao. Vifaranga waliharibika maini kana kwamba wamekula karanga zenyewe. Sumu iliyokuwa katika maziwa hayo iliitwa aflatoksini M1, herufi M ikiwakilisha maziwa kwa Kiingereza, na kwa bahati njema kwa Kiswahili pia.

Hapa kwetu aflatoksini inakumbukwa kwa mahindi ya 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 kufa, wengi wao Makueni na Kitui. Yanayosemwa kwa nadra ni kwamba mahindi yaliyooza ambayo mkulima huyaona hayafai kwa ugali mara nyingi huishia kwa ng'ombe, na tafiti zilizofanywa nchini zimeikuta M1 katika maziwa. Haiuawi kwa kuchemsha. Namna ya kuizuia huanzia ghalani: mahindi yakaushwe vizuri kabla ya kuhifadhiwa, na yaliyoota kuvu asipewe ng'ombe anayekamuliwa.